Boriti Iliyonepa Mara Tano

Siku Kemuma alipokutana na Ongeri alimtukana kwanza, jina akaliuliza baadaye. Ilikuwa stendi ya Keroka, siku ya soko, mwaka wa sabini na sita, malori yakipiga honi na akina mama wakigombea mahali pa kushusha ndizi. Kemuma, mhandisi kijana wa ofisi moja mjini Kisii, alikuwa amevaa gauni jeupe lililombana kiunoni, na mikononi ameshika sanduku la kadi za kompyuta, zilizotobolewa hesabu za ofisi, za kumpa kondakta wa basi la Nairobi kulikokuwa na mashine. Kijana mmoja wa suruali pana ya bugaluu, ya kahawia, nywele amezichana zikasimama, akageuka bila kutazama akampiga kikumbo. Kadi zikamwagika topeni.

"Mjinga wewe. Hizo zina mpangilio. Ikipotea moja, mashine haielewi kitu."

"Basi nifundishe huo mpangilio," kijana akasema, tayari amepiga magoti. "Naitwa Ongeri. Nikizipanga vibaya nitukane tena."

Alizipanga vizuri, na bado akatukanwa. Lakini Kemuma alicheka njia nzima kurudi Kisii, na baada ya miezi michache wazee wa Ongeri wakafika Ekerenyo kuposa kwa baba yake Kemuma, Mzee Omwenga. Wakakubaliwa.

Mzee Omwenga alikuwa mkandarasi, na wakati huo alikuwa akimjengea Lalit, mwenye duka la vitambaa, ukumbi wa ghorofa mjini Kisii. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Ongeri, na hesabu zikafanywa na Kemuma. Lalit alikuwa na haraka, maana bintiye Sumitra angeolewa humo na wageni wangecheza ghorofani. Ndipo boriti kubwa ya chuma iliyobeba ghorofa ikaanza kunepa.

Kemuma akaigawa boriti katika vipande vidogo karatasini, kila kipande na hesabu yake, vyote vimeunganishwa na nguzo, sakafu na ngazi. Kompyuta ya Nairobi ikajibu kwamba boriti itanepa kidogo tu. Ukumbini, utepe wa kupimia ulionyesha mara tano ya hapo. Akaongeza vipande, ikabaki mara tano. Akapima upya uzito wa sakafu, bado mara tano. Wenzake ofisini wakaanza kunong'ona kwamba hesabu si kazi ya wanawake, naye akawasikia.

Akampigia simu Ongeri, ambaye wiki hiyo alikuwa na kazi Nyamira.

"Kipenzi," Ongeri akasema, "sauti yako ni ya mtu aliyemeza pilipili."

"Ongeri, wewe umekuwa pale tangu msingi. Kuna kitu nisichokiona?"

Waya ulikoroma kidogo. "Labda kompyuta imekosea, mpenzi. Pumzika. Umekula?"

"Usiniulize habari za chakula." Akaikata simu.

Kwa hasira akaanza kutupa vitu nje ya hesabu. Akaitoa ngazi, akaitoa sakafu na kubakiza uzito wake, akazitoa nguzo. Ikabaki boriti moja na ncha zake mbili, hesabu ya mwanafunzi wa mwaka wa kwanza na penseli yake. Ncha zikifungwa imara, alipata jibu lile lile la kompyuta. Akajaribu kuzifungua, boriti iwe imelazwa tu juu ya ukuta. Jibu likapanda mara tano kamili. Mashine haikukosea. Ilikuwa imeambiwa kwamba ncha zimefungwa, na aliyeiambia ni yeye, akiuamini mchoro wa jengo.

Asubuhi akapanda ngazi ukumbini na nyundo, akabomoa plasta kwenye ncha za boriti. Hapakuwa na bolti hata moja. Ongeri, aliyekuwa amerudi kutoka Nyamira, akamkuta huko juu, gauni limejaa vumbi.

"Ulijua," Kemuma akasema.

Ongeri akatazama viatu vyake. "Nilijua. Bolti zilikosekana, mzee akasema plasta ipigwe, chuma kizito namna hii hakiendi popote. Nami nilikuwa nimeshaposa. Chinsoni, Kemuma. Mkwe hamwambii baba mkwe kwamba amekosea. Hata macho hamkazii."

"Lakini mdomo wa kuniuliza kama nimekula ulikuwa nao." Akashuka. "Chinsoni iliwekwa watu waheshimiane. Haikuwekwa wageni wa Lalit waangukiwe na sakafu. Na mimi ukaniacha nijione mpumbavu mbele ya ofisi nzima. Nenda ukamwambie."

"Na akinikataa?"

"Atakuwa amekataa mtu mwenye mdomo. Asiye nao nimeshamkataa mimi."

Wakaenda Ekerenyo bila kusemezana. Mzee Omwenga alikuwa uani, akitazama majani ya chai. Ongeri akavua kofia.

"Mzee, sikuja kama mkwe, maana mkwe hawezi kusema haya. Nimekuja kama msimamizi. Boriti ya Lalit haina bolti. Harusi haiwezi kufanyika humo."

"Rudia."

Akarudia.

"Nilikuwa najenga kabla hujazaliwa. Toka kwangu. Posa imekwisha."

Ongeri akavaa kofia akaondoka. Kemuma akabaki, amekunja mikono.

"Tata, plasta nimeibomoa mwenyewe. Nimeona."

"Mbona hakuniambia siku ile?"

"Kwa sababu ulikuwa baba mkwe wake."

Mzee akakaa juu ya kigoda.

Bolti alizileta Mzee Omwenga mwenyewe. Lalit alifoka kwa Kigujarati na kwa Kiswahili, kisha akaipeleka harusi uwanjani. Boriti ikainuliwa kwa jeki, ikafungwa, ikaachiliwa. Ongeri, ambaye bado alikuwa msimamizi, akashika utepe.

"Soma," Kemuma akaamuru.

Akasoma. Ilikuwa sawasawa na jibu la kompyuta.

"Kipenzi..."

"Usiniite hivyo. Bado nina hasira."

Mzee Omwenga akakohoa upande wa pili, uso ameuelekeza ukutani. "Kemuma, mwambie huyo kijana wazee wake waje upya. Waanze mwanzo. Naye aje, nataka mtu wa kuniambia nikikosea."

Kemuma akamgeukia Ongeri. "Umesikia?"

"Nimesikia."

"Ukininyamazia tena, Ongeri, ile nyundo bado ninayo."