Jina Chini ya Stika

Kila siku akitoka shule, msichana yule alivua sare, akanywa maji gilasi nzima, akavaa barakoa, kisha akausukuma mlango wa karakana ya shangazi yake iliyokuwa nyuma ya nyumba. Kazi yake ilikuwa kufagia unga. Si unga wa kula! Ulikuwa vumbi jeupe la povu gumu, lile ambalo shangazi alilichonga kutengeneza mbao za mawimbi, zile mbao ndefu ambazo watu husimama juu yake na kuteleza baharini. Vumbi hilo liliingia nyweleni, masikioni, hata katikati ya daftari la hesabu. Ndiyo maana wenzake darasani walimwita Unga, na jina likamganda.

"Unga, leo hukukung'utwa?" walimtania.

Naye alicheka pamoja nao, ingawa moyoni aliumia. Siku moja alipoulizwa shangazi yake anafanya kazi gani, alijibu kwamba ana duka la nguo. Uongo huo ulimtoka haraka kuliko alivyotarajia.

Shangazi naye alikuwa na jina lake la utani: Kiganja. Katika karakana yake alikuwa amefunga taa mbili ndefu ukutani, usawa wa kiuno, ili mwanga upite ubavuni mwa ubao na kila kivimbe kitoe kivuli. Alipomaliza randa na msasa, alizima taa, akafumba macho, akapitisha kiganja polepole kutoka kwenye pua ya ubao hadi mkiani. Mkono usiporidhika, kazi haijaisha. Ukiridhika, alichukua penseli akaandika katikati ya ubao: *Kiganja*, na chini yake vipimo. Juu ya maandishi hayo alitandaza kitambaa chepesi na kukimiminia gundi inayoganda kama kioo. Hapo jina lilikuwa limekaa, halitoki tena.

Jumatatu moja mwenye duka la vifaa vya baharini alikuja karakanani. Alikuwa na shati jeupe lililopigwa pasi, akasimama mlangoni asichafuke.

"Fundi, ubao wa yule dada wa mashindano, Bingwa, umefikia wapi?"

"Nimemaliza kuuchonga. Kesho naanza kuupaka gundi."

"Vizuri. Ila hayo maandishi ya penseli sasa basi. Nabandika stika ya duka juu yake, lakini stika zinabanduka majini. Juzi mteja kaniuliza, Kiganja ni nani? Mimi watu nimewaambia mbao hizi zinatoka ng'ambo."

Shangazi aliweka randa chini. "Zinatoka ng'ambo ya wapi? Ng'ambo ya jiko langu?"

"Usinichekeshe. Ubao ukija na jina lako siuchukui, na kazi zote nitampa fundi mwingine. Utamwaga unga, shauri yako."

Shangazi alitazama sakafu iliyojaa vumbi jeupe. "Unga wenyewe ndio huu, bosi. Naumwaga kila siku. Jina langu sifuti."

"Tutaona."

"Utaona wewe. Mimi naendelea na kazi."

Mwenye duka aliondoka akisonya. Msichana alibaki ameshika fagio. Je, kazi zikikatika? Nani angelipa ada? Nani angenunua chakula? Na kulikuwa na jambo jingine ambalo hakutaka kujikubalia: kama jina lingefutika, labda hata darasani wasingejua kamwe kazi ya shangazi.

Kesho yake alfajiri, shangazi akiwa bado bafuni, msichana aliingia karakanani. Alichukua kipande cha msasa akasugua lile jina kwenye ubao wa Bingwa. Lilikuwa limekolea kidogo, basi akasugua tena, na tena, mpaka likatoweka. Alipuliza vumbi, akaenda shule.

Alipotoka shule alimkuta shangazi amesimama kando ya ubao, taa zimezimwa, macho ameyafumba. Kiganja chake kilipita taratibu, kikafika katikati, kikasimama. Kikarudi nyuma. Kikasimama palepale.

"Hapa pana bonde," alisema. "Nani kagusa ubao huu?"

"Labda paka," msichana alijibu bila kumtazama.

"Paka?" Shangazi aliwasha taa. "Basi paka huyu kasoma. Maana kafuta jina, vipimo kaviacha."

Loo! Msichana alitamani ardhi ipasuke immeze. Akalia, akatoboa yote: hofu ya kazi kukatika, jina la Unga, na lile duka la nguo.

Shangazi alikuwa ameumia, na hakuficha. "Yule bwana kanitaka nijifute, nikakataa. Kumbe mfutaji yuko nyumbani mwangu," alisema. "Haya, futa machozi. Vaa barakoa. Leo hufagii."

Aliushika mkono wa msichana akauweka juu ya ubao. "Fumba macho. Nionyeshe bonde liko wapi."

Msichana alipapasa. Aliona kila mahali ni sawasawa tu. Alipapasa tena, polepole zaidi, mpaka mkono ukachoka na shingo ikauma. Ilipita karibu nusu saa ndipo vidole vikazama kidogo sana, unene wa karatasi mbili hivi.

"Hapa!"

"Hapo hapo. Wimbi nalo lingepaona, na Bingwa angeyumba bila kujua kwa nini. Jumamosi ana mashindano."

Bonde halikuweza kufukiwa. Ilibidi kuushusha ubao wote usawa wa bonde, kidogo kidogo, kutoka pua hadi mkia, upande huu na upande ule. Walifanya kazi hiyo mpaka saa ya chakula cha jioni. Msichana alisugua, shangazi akapima, msichana akasugua tena. Mabega yalimwaka moto. Hakuwahi kujua kwamba kitu chepesi vile kinahitaji nguvu na subira namna ile.

Shangazi alipotosheka, alimpa penseli. "Wewe umelifuta, wewe utaliandika. Na ukandamize."

Ijumaa, gundi ikiwa imekauka na ubao unang'aa, waliubeba hadi dukani, shangazi mbele, msichana nyuma. Bingwa, dada mrefu mwenye mabega mapana, alikuwa tayari anasubiri pamoja na ubao wake wa zamani. Mwenye duka aliliona jina, akatoka nje mbio.

"Nilisemaje? Rudisheni hicho!" alinong'ona kwa hasira. Kisha akamgeukia Bingwa akitabasamu. "Samahani, hawa ni wapagazi tu. Mzigo wako kutoka ng'ambo umechelewa."

Wapagazi! Msichana alipandwa na hasira, hofu yote ikamtoka.

"Sisi si wapagazi!" alisema kwa sauti, wateja wote wakageuka. "Shangazi yangu ndiye fundi. Ubao huu kauchonga yeye, nyuma ya nyumba yetu. Na dada, ni mwembamba kidogo kuliko ulivyoagiza. Mimi niliuharibu, nikafuta jina lake kwa msasa, ikabidi tuushushe wote. Kosa ni langu, si lake."

Bingwa aliupokea, akaubana kwapani, akapitisha mkono kwenye kingo zake. Kisha akainama kwenye ubao wake wa zamani, akaibandua stika ya duka kwa ukucha. Chini yake, ndani ya gundi, palikuwa na neno moja la penseli.

"Kiganja," alisoma. "Miaka mitatu nasimama juu ya jina lako, dada, na wala sijakujua. Nisamehe."

"Hukuonyeshwa," shangazi alijibu.

"Huu naondoka nao. Na stika sitaki," Bingwa alimwambia mwenye duka. "Ubao mwingine nitaufuata karakanani mwenyewe."

Mteja mmoja akauliza karakana iko wapi. Mwenye duka akasema, kwa sauti ndogo, kwamba labda majina yanaweza kubaki.

"Yatabaki," shangazi alimsahihisha. "Hakuna labda."

Njiani kurudi, shangazi aliuweka mkono begani mwa msichana. "Leo umesema kosa lako mbele za watu, na umeisema kazi yangu mbele ya watu hao hao. Yote mawili yanataka ujasiri. Ila sikia: ulipoionea aibu kazi hii, ulinifuta kabla hata ya kushika msasa. Usiionee aibu kazi ya halali, iwe yangu au ya mtu yeyote. Na ukiona fundi anafichwa, sema."

Jumatatu darasani mvulana wa dawati la nyuma alipaza sauti, "Unga!"

"Naam!" msichana aliitika akisimama wima. "Unga wa karakana ya Kiganja. Shangazi yangu hauzi nguo, niliwadanganya. Anachonga mbao za mawimbi. Asiyeamini aje leo saa kumi, nitampa fagio."

Walikuja sita.