Pingamizi Lenye Sahihi ya Nurudini

Gari la matangazo lilipoingia sokoni Kibondo, watu walizikimbilia fulana za bure, na Nurudini, aliyekuwa akizigawa, akarudi nyuma mpaka akakanyaga beseni la maharage la Maximilla. Kijana mtanashati, suruali imenyooshwa kwa pasi, marashi yananukia hatua tatu. Binti naye alikuwa kwenye kitenge cha bluu na kilemba chake.

"Kaka, mgombea wako anaomba kura au maharage?"

"Yeye kura. Mimi naomba namba ya simu."

"Okota kwanza."

Aliokota punje moja moja, akapewa.

Kampeni za uchaguzi mdogo zilimzungusha vijijini, lakini kila jioni alipiga.

"Umekula, mpenzi?"

"Nitakulaje na sauti yako haijafika?"

Maximilla alikuwa amekolea, tusifichane.

Kisha daftari la wapiga kura likabandikwa. Jina la Maximilla lilikuwa limewekewa pingamizi: si raia. Aliyesaini ni Nurudini, wakala wa chama. Baba yake Maximilla, mzee Ndayisaba, aliyetoka Burundi kijana na kupewa uraia akiwa na mvi, alitoa cheti chake kwenye mfuko wa nailoni, akakipeleka ofisi ya uchaguzi kama mshitakiwa. Pingamizi likatupwa. Maximilla alizima simu, akaenda kukaa kwa dada yake Kasulu.

Wiki tatu. Mchana alimchukia. Ikifika jioni, saa ile ya simu, alimtamani mpaka ugali ukamshinda. Mara mbili aliiwasha, akalitazama jina la Nurudini, akaizima tena.

Siku ya kura alirudi Kibondo. Kituoni, karani husoma jina la kila mpiga kura kwa sauti ili mawakala wasikie.

"Niyubahwe Maximilla."

Kwenye benchi la mawakala, Nurudini aliinua kichwa. Alikuwa amekonda.

"Wakala, una neno?"

"Ninalo. Huyu ni wa hapa. Nilisaini rundo la fomu tupu, majina wenzangu wa chama wakayajaza baadaye. Sikusoma wala sikuuliza. Nimekosa."

"Hapa si mahali pa kuungama," karani alisema. "Dada, pita kituturini."

Alipiga kura huku machozi yakimlenga. Basi la Kasulu liliondoka saa tisa bila yeye. Alikuwa kwenye kibanda cha chai, mbali na kituo kama sheria inavyotaka, anangoja kura zihesabiwe. Jua likizama, Nurudini akaja.

"Mmeshinda?"

"Kwa kura tisa. Milla, nimekukumbuka mpaka naumwa."

"Hata mimi. Ndiyo maana nina hasira hivi."

"Nije kwenu kuposa?"

Maximilla alitaka kumshika mkono. Hakumshika.

"Njoo Jumapili. Baba atakupa cheti chake. Kisome mbele yake, kwa sauti, mwanzo hadi mwisho. Ukimaliza, mwambie wewe ndiye Nurudini. La posa atakujibu mwenyewe."