Udongo wa Sarafu ya Pareto

Jua lilikuwa linazama Halfan alipozima pikipiki mbele ya nyumba ya Mama Esnath, Mdandu. Watu wa Makambako wakija huku hufuata viazi au mbao. Yeye, muuza vipuri, alifuata sarafu ndogo kuliko kifungo cha koti.

Zamani za Mwingereza, wakulima hodari walipewa sarafu za ukumbusho kwenye maonyesho ya kilimo. Halfan alikuwa nayo ya kahawa, ya ng'ombe na ya jembe. Ya ua la pareto aliitafuta miaka saba, mpaka mkewe Ashura akachoka kumcheka.

"Kamwene, mama," Halfan alimsalimu kwa lugha ya huko.

Esnath alimkabidhi sarafu ikiwa kwenye kitambaa, asitake hata shukrani. Ilikuwa ya marehemu baba mkwe wake, Hezekia. Akamsimulia kwamba shamba la mzee huyo halikuwa na kibarua hata mmoja mchana, lakini kila kulipokucha lilikuwa limepaliliwa. Mzungu akampa zawadi. Majirani, waliokuwa wamezika watoto wengi mwaka ule, wakampa kisogo na kunong'ona habari za misukule, wafu wanaolimishwa usiku.

Udongo mwekundu ulikuwa umeganda juu ya lile ua.

"Ioshe mlangoni kwako kabla hujaingia, baba," Esnath alinong'ona. "Huo udongo usivuke kizingiti."

Halfan akaitikia. Lakini mkusanya sarafu haoshi sarafu... Uchafu wa kale ndio ushahidi wa umri wake, ukiisugua, umeiharibu. Alipofika kwake Makambako akaingia nayo hadi sebuleni, akamshikisha binti yake Bibie, mwenye miaka sita, aione. Sikio la kufa halisikii dawa.

Kesho yake, wakati wa magharibi, Bibie alisinzia tonge likiwa mkononi. Wakamtikisa. Wakamwita. Wapi! Nyumba ikanuka udongo uliolowa mvua... na kilikuwa kiangazi.

Asubuhi aliamka hoi, kucha zimejaa udongo mwekundu.

Jioni ya pili ikawa vilevile. Na ya tatu. Hospitalini Njombe walimpima damu na kichwa, wakasema mtoto ni mzima.

Siku ya tisa Halfan aliogopa kwelikweli. Akateka maji kwenye beseni, akachukua sabuni na mswaki, akafungua kiboksi cha sarafu zake.

Sarafu ilikuwa safi.

Inang'aa. Hakuna hata chembe ya udongo.

Alimpakia mtoto kwenye pikipiki, wakafika Mdandu jua likielekea kushuka. Esnath hakuitazama sarafu. Alishika viganja vya Bibie, akavigeuza polepole. Vilikuwa na sugu ngumu, za mtu aliyelima miaka mingi.

"Ichukue, mama. Nakuomba."

"Hiyo haina kitu tena," Esnath alisema. "Ungeiosha mlangoni, udongo ungebaki nje. Sasa umeshapata pa kukaa."

Halfan akauliza kama kuna mganga, kama kuna dua, kama kuna chochote. Mama wa watu akatikisa kichwa. Halfan akalia, mwanamume mzima, hapo hapo uani.

Bibie akapiga miayo, akamwegemea.

"Baba, usilie. Babu Hezekia anasema leo tunaanza shamba la pili."

Halfan akambana kifuani, akimwita jina lake. Macho ya mtoto yalikuwa yameshafumba, na vidole vyake vimejikunja, vimeshika mpini wa jembe ambao baba yake hakuuona.