Sekunde Arobaini za Kasuku

Duka la vifaa vya umeme siku ya Jumamosi mchana halina adabu. Huyu anataka waya, yule anarudisha feni iliyogoma, na mwenye duka anasikia nusu ya kila anachoambiwa. Katikati ya msukumano huo alisimama mwanamke wa gauni la manjano, kilemba kimefungwa kwa haraka, unyoya mweupe umenata kwenye kiatu. Alikuwa akipaza sauti kwa mara ya tatu.

"Kipimajoto! Cha mashine ya kutotolesha vifaranga! Kinachosoma mpaka nusu digrii!"

Mwenye duka akamletea pasi.

"Amesema kipimajoto," ilisema sauti ya taratibu nyuma yake, "cha mashine ya kutotolesha vifaranga, kinachosoma mpaka nusu digrii."

Mwanamke akageuka. Aliyesema alikuwa kijana mrefu, balbu moja mkononi, shati la buluu limenyooshwa mpaka mikunjo ya mikono imesimama wima.

"Na wewe ni kasuku wa nani?"

"Wa kazini," alijibu bila kucheka. "Kwetu ukipewa agizo unalirudia lote, kisha aliyekupa anasema 'sahihi'. Usiporudia, hujasikia. Asiposema sahihi, agizo halijakamilika."

"Kazi gani hiyo ya kurudia maneno ya watu?"

"Chumba cha kuongoza umeme. Nyinyi mkiwasha, sisi tunatafuta pa kuutoa. Ukikosekana, tunakata."

"Kumbe ni wewe unayetukatia! Nimekutafuta miaka mingapi!"

"Basi leo umenipata."

Alipata kipimajoto, na kijana akapata namba yake ya simu. Balbu aliisahau juu ya kaunta, na mwenye duka aliyaona yote hayo, kwani kwa mambo ya namna hiyo masikio yake yalikuwa mazima kabisa.

Mapenzi ni kikohozi, hayafichiki. Mwezi haukuisha, mtaa mzima wa karakana ukawa unajua kwamba mtotoleshaji wao, Mama Vifaranga, ana mtu. Na ilikuwa raha kuwasikia kwenye simu.

"Nyanya sita, vitunguu vitatu, na usichelewe."

"Nyanya sita, vitunguu vitatu, nisichelewe."

"Na uniambie unanipenda."

"Nikuambie ninakupenda."

"Kasuku wee! Usirudie, sema!"

"Nakupenda, Mama Vifaranga. Nakupenda mpaka nasahau kununua balbu."

Kijana alimweleza sheria za kazi yake tangu mapema. Simu za mkononi huwekwa kwenye sanduku la mbao mlangoni kabla ya zamu. Simu ya mezani hurekodi kila neno. Umeme ukipungua, mitaa hukatwa kwa zamu, kwa orodha. Hospitali na pampu za maji haziguswi. Na hakuna anayeonjeshwa siri ya orodha, awe mke, mama mzazi au waziri.

Mwanamke alisikia kwa sikio moja. Jenereta lake lilikuwa limeharibika miezi miwili, na kila jirani aliyemkumbusha kulitengeneza alijibiwa kwa madaha, "La nini? Mimi nina mtu wangu kwenye swichi." Hapo alikosea, na mimi simfichi. Alidhani kupendwa ni sawa na kuwa na jenereta.

Ikafika Jumanne moja, saa moja jioni, saa ambayo kila nyumba inawasha jiko, taa na televisheni kwa pamoja. Mtambo mmoja wa kuzalisha umeme ulizimika ghafla. Kwenye chumba cha udhibiti sindano inayoonyesha afya ya gridi ya umeme ya nchi nzima ikaanza kushuka. Kijana akafungua orodha. Mstari wa kwanza ulikuwa mtaa wa karakana.

Alijua. Mashine ya mpenzi wake ilikuwa na mayai elfu moja na mia mbili, ya siku ya kumi na tisa, vifaranga karibu kugonga maganda. Mkono wake ukabaki hewani. Sindano ikashuka tena, na tena.

"Kata!" alifoka msimamizi wake, mama mmoja wa miwani mizito ambaye hakuwahi kufoka.

Akakata.

Giza lilidumu saa mbili. Mwanamke alifunika mashine kwa mablanketi, akaifunua mayai yalipozidi joto kwa kukosa feni, akaifunika tena, huku analia. Siku ya ishirini na moja walianguliwa vifaranga themanini tu. Aliwahesabu mara tatu, ndipo akapiga simu.

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua mayai yangu ni ya siku ya kumi na tisa?"

"Nilijua."

"Na ni mkono wako mwenyewe?"

"Ni wangu."

Alingoja ajitetee, japo kwa uongo.

"Basi usinipigie tena."

"Nisikupigie tena," kijana alirudia kwa mazoea ya kazi.

Mwanamke alikaa na simu sikioni. Neno lilikuwa moja tu, na ulimi ulikataa kulitoa. Akakata simu bila kusema sahihi.

Miezi ikapita, na jamani, kutamani ni ugonjwa. Kijana alihama njia ya kwenda kazini ili asipite karibu na mtaa ule, halafu akawa anakesha akiwaza kama kipimajoto bado kinasoma vizuri. Mwanamke naye alinunua nyanya sita mwenyewe, akazitazama zikioza. Simu ya mtu yeyote ikilia alishtuka. Alitengeneza jenereta, na kila alipolisikia likinguruma alimkumbuka yeye, akalizima kwa hasira. Alimtaka, na alijichukia kwa kumtaka.

Mwezi wa tatu tangu waachane, wenye karakana waliitwa mkutanoni. Yule mama wa miwani alikuja kuwaelezea mpango mpya: wenye mashine kubwa wakubali kuzizima saa za jioni wanapoombwa, wafanye kazi hizo mchana au baadaye, ili mtu yeyote asikatwe kabisa.

"Mnajali nini nyinyi!" alilipuka Mama Vifaranga kutoka safu ya nyuma. "Mnabonyeza tu, mnakwenda kula! Mayai yangu elfu moja na zaidi yalikufa, nani alisita?"

Yule mama alivua miwani.

"Mmoja alisita, mwanangu. Sekunde arobaini, kwa ajili ya mtaa huu. Katika sekunde hizo tulibakiza kidogo tuzime nchi nzima. Nilimpa barua ya onyo, na ingawa nampenda kama mwanangu, nitampa nyingine akirudia. Nilimuuliza kuna nini huko. Hakunijibu."

Mwanamke akakaa.

Mtaa ulihitaji mtu mmoja wa kupokea simu za maombi na kuwazungukia wenzake. Wakamchagua yeye kwa kauli moja, kwa sababu ndiye mwenye sauti. Angekataa, lakini hakukataa, na sababu mnaijua.

Jumatatu, saa kumi na mbili kasoro robo jioni, simu ililia.

"Chumba cha udhibiti. Mtaa wa karakana, kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu, zimeni mashine za barafu, za kuchomelea na za kusaga. Rudia."

Ilikuwa ni yeye. Mwanamke alishika ukuta.

"Kuanzia saa kumi na mbili na nusu hadi saa mbili na nusu," alisema polepole, "tuzime mashine za barafu, za kuchomelea na za kusaga."

"Sahihi."

Hapakuwa na jingine. Simu inarekodi. Ikawa hivyo wiki nne, kila zamu yake ilipoangukia jioni: barafu, kuchomelea, kusaga, sahihi. Ifikapo saa kumi na moja na nusu mwanamke alinawa uso na kuvaa gauni la manjano. Nani huvalia simu? Yeye. Alijifunza kupima pumzi ya kijana baina ya neno na neno, na alizoea kurudia agizo taratibu ili lichelewe kwisha.

Kisha Alhamisi moja sauti ilikuja na haraka.

"Dharura. Mtambo umeanguka. Zimeni kila msichohitaji, ndani ya dakika kumi. Mkishindwa, zamu ya kukatwa ni yenu. Rudia."

Alirudia, akatupa viatu, akatoka mbio.

"Zima! Zima, kaka! Zima!"

"Nimebakiza upande mmoja wa kichwa!" alilia kinyozi, mteja wake amekaa nusu upara.

"Atavaa kofia! Zima!"

Fundi wa kuchomelea akazima. Mama wa barafu akazima. Yeye mwenyewe akachomoa mashine yake ya mayai na kuwasha jenereta. Kule chumba cha udhibiti sindano ilitetemeka, ikasimama, ikaanza kupanda. Jioni ile hakukatwa mtu hata mmoja. Kijana aliinamisha uso mezani, na yule mama wa miwani akajifanya hakuona.

Kesho yake mchana kijana alisimama mlangoni pa mtotoleshaji. Kwa mara ya kwanza shati lake halikupigwa pasi. Ndani vifaranga wa asubuhi walikuwa wakipiga kelele, manjano tupu.

"Miezi minne iliyopita uliniambia nisikupigie tena," alisema. "Nilirudia. Hukusema sahihi."

"Sikusema."

"Basi nimekuwa nikisubiri."

"Kwa nini hukuniambia habari za sekunde arobaini?" Machozi yalikuwa tayari yanamtoka. "Nimekutukana moyoni miezi yote hii, Kasuku! Ungeniambia!"

"Nazionea haya. Zingewazimia umeme wagonjwa, watoto, watu wote, na wewe hazikukusaidia. Siwezi kukuahidi nyingine." Akasogea hatua moja. "Nataka kukuoa. Lakini zamu ya mtaa wako ikifika, nitakata. Rudia."

Mwanamke alimtazama. Huyu ndiye mwanaume, na hivi ndivyo atakavyokuwa mpaka uzeeni: hatampendelea hata yeye. Aliitafuta ile hasira aliyoizoea, akakuta imebaki hamu tupu.

"Unataka kunioa," alisema, sauti ikakatika, akaianza upya. "Unataka kunioa. Na zamu ya mtaa wangu ikifika, utakata."

Sasa lilikuwa neno la kijana. Akaanza kunyoosha mikunjo ya shati lake.

"Sema basi, vifaranga wanangoja maji!"

"Sahihi," alisema, na machozi yakamshuka.

Mwanamke alimfuta kwa ncha ya kilemba chake.

"Jenereta nimelitengeneza," alimwambia. "Wewe kata tu, mume wangu."