Ruhusa Iliyokuwa Mfukoni

Ndugu zangu wa mtaa wetu wa Mfaranyaki, nisikilizeni, na atakayenuna anune. Mimi ni Mama Devota, mshonaji wa sare za shule, na haya nayasema nikiwa mmoja wa wakosaji.

Ilikuwa Jumanne asubuhi, mwezi wa sita, ile baridi yetu ya kujifunga kitenge mabegani. Mtaa ulikuwa shwari, watoto wote wako darasani, nasi watu wazima tukijiona tumefaulu. Kabla ya hapo wanafunzi walikuwa wakitoroka kwenda kushinda kwenye mabanda ya video. Ndipo fundi seremala Optatus aliposimama kwenye mkutano wa mtaa akasema, "Mtoto ni wetu sote! Mtu mzima yeyote akimkuta mwanafunzi njiani saa za masomo, amchape amrudishe shule." Tukapiga makofi.

Mwezi haukuisha, madarasa yakajaa. Watoto walirudi shule midomo imevimba, sisi tukaita malezi. Mmoja alivunjwa kidole, tukasema atakoma. Jamani, tulikuwa tumelewa.

Basi Jumanne hiyo, saa nne hivi, nikasikia kelele dukani kwa Majaliwa. Alikuwa amemkamata Agape, binti wa huyo huyo Optatus, mwanafunzi wa kidato cha pili, anamchapa kwa mkanda mgongoni na miguuni.

"Shikamoo mzee, nimeruhu..."

"Unajibizana na mimi?" Mkanda ukampata shavuni. Damu ikachirizika hadi kwenye kola nyeupe niliyoishona mwenyewe.

Mnadhani nilimtetea? Wala! Alipochomoka akakimbilia kibarazani kwangu, analia, "Mama Devota, mwalimu ame..."

"Nyamaza! Mkubwa akisema, na wewe unasema?" Nikachukua rula yangu ya mbao nikampiga nayo mikononi, alipokuwa anajikinga. Pigo la nne rula ikavunjika. Nilimwona anatetemeka, nikafikiri ni woga. Kumbe mtoto alikuwa anaungua kwa homa.

Akajikokota mpaka kwao. Yaliyotokea huko nilisimuliwa na mama yake, Eufrasia, huku akinitazama kwa macho ambayo nilistahili kutazamwa nayo.

Optatus alikuwa anapiga randa uani. Aliiona ile damu, akauliza, "Nani kakupiga?"

"Mzee Majaliwa na Mama Devota."

Hapo mzazi angeuliza kulikoni. Yeye alishikwa na aibu, na aibu ikageuka hasira. "Watu wazima wawili wakupige bure? Sheria nimeitoa mimi, halafu mwanangu ndiye wa kunivua nguo mtaani?" Akamzaba kibao cha sikio la kushoto, mtoto akaangukia mbao.

"Baba, karatasi..."

"Bado unajibu!" Akampiga teke la mbavu. Akarudia.

Eufrasia alitupa beseni la nguo akamrukia mumewe. "Utamuua, Optatus! Utaniulia mwanangu!" Agape alikuwa amelegea, damu inamtoka sikioni. Mama akapekua mfuko wa sketi, akakuta karatasi ya mwalimu: *Ana homa kali. Nimemruhusu arudi nyumbani apelekwe hospitali.*

Optatus akaisoma, akaketi kwenye takataka za mbao, akalia kwa sauti.

Walimpakia Agape kwenye bodaboda kwenda hospitali, mama kamshika kwa nyuma. Siku tatu hakumjua mtu. Malaria kali, mbavu mbili zimevunjika, ngoma ya sikio imepasuka. Mimi na Majaliwa tulisimama nje ya wodi, kila mmoja anatazama viatu vyake.

Mungu akamponya, ila sikio la kushoto halisikii tena. Na shule akaikataa. "Siogopi darasa," alimwambia mama yake. "Naogopa njia."

Tuliitisha mkutano mwingine. Optatus alimwomba binti yake msamaha mbele yetu sote, nasi tukafuta ile sheria. Sasa tunapokezana kuwasindikiza watoto, na Majaliwa ndiye anayemfikisha Agape getini kila asubuhi. Amerudi shule, anasoma, anakaa dawati la mbele ili asikie.

Jana nilimpelekea shati jipya. Akalivaa, nikainua mkono nimwekee kola vizuri. Agape akajikunyata, akafunika kichwa kwa mikono yote miwili.

"Samahani, mama," akaniambia. Yeye ndiye aliyeniomba samahani mimi.

FUNZO

Kulea kwa pamoja ni jambo jema, na mtaa unaowaachia walimu peke yao watoto wake utawapoteza. Lakini sisi tulishirikiana kupiga, na hakuna hata mmoja aliyeuliza. Mtoto anayejieleza hana jeuri. Anakupa nafasi usije ukakosea. Ukimkuta njiani saa za masomo, mwambie, "Mwanangu, kuna nini?" Kisha funga mdomo usikilize, na umfikishe salama anakokwenda. Ukishampiga, utaomba radhi na utasamehewa, lakini mwili wake hautakuamini tena upesi.