Kijitabu cha Matusi cha Stamford Hill

Alhamisi, saa tatu na dakika kumi asubuhi, Pinkas Rotter alifungua kabati la vioo katika maktaba yake ya Stamford Hill, akakuta nafasi tupu. Kijitabu cha kurasa kumi na sita, nakala pekee iliyosalia, kilikuwa kimetoweka. Ndani yake Wahasidi, Wayahudi washika dini, wa rabi wa Zavolin waliwatukana Wahasidi wa rabi wa Treshnitz miaka tisini iliyopita, matusi ya kubabua ngozi. Jumapili kingewekwa kwenye maonyesho.

Saa tatu na nusu Pinkas alikuwa ameshaipigia simu kampuni ya usafi: Marcelina, aliyefagia pale jana, ni mwizi. Kisiporudi kufikia kesho saa sita mchana, angewaita polisi.

"Mjomba, Jumatatu naanza kazi hospitali," Marcelina alimwambia Telesphor nyumbani kwake Tottenham. "Polisi wakinifungulia faili, kazi hiyo siioni tena."

Telesphor ni dereva wa basi mstaafu. Huapa kwamba aliwahi kuendesha kinyumenyume kutoka Tottenham hadi Stratford kwa sababu gia za mbele zilisusa, na abiria wakamshukuru. Akachukua kofia.

"Twende. Na usilie ndani ya basi, utaniharibia jina."

Saa tano walikuwa maktaba.

"Wewe ni wakili?" Pinkas aliuliza.

"Dereva. Jana waliingia nani?"

"Saa tisa, Keyur, fundi wa kujalidi vitabu kutoka Kenton. Saa kumi, huyu mpwa wako. Saa kumi na moja na nusu, Leibish Gold, mtu wetu, alikuja kusoma. Ufunguo wa kabati hukaa pale msumarini."

Telesphor akaomba namba, akampigia Keyur palepale.

"Nikiibe nikifanyie nini, mzee?" Keyur alicheka. "Nilikipima tu. Bwana Pinkas alinisomea kidogo. Kila tusi limeegemezwa kwenye aya ya Torati, na jina la Mungu humohumo. Nilinawa mikono kabla na baada!"

Telesphor akakata simu. Koridoni palikuwa na boksi kubwa lililofungwa kwa utepe.

"Hizi takataka zinaondoka lini?"

"Si takataka!" Pinkas alishtuka. "Ni vitabu vya sala vilivyochakaa. Chenye jina la Mungu hatukitupi wala hatukichomi. Tunakizika makaburini. Kwa kawaida ni mwezi ujao, lakini jana jioni Leibish alijitolea kulipeleka leo, saa nane."

"Ana haraka gani?"

Pinkas aligeuka kulitazama boksi.

"Mwizi wa kuuza angekimbia nacho," Telesphor alisema. "Mwenye hasira angekichoma. Huyu alitaka kipotee, lakini dini yake ikamshika mkono. Tumsubiri."

Saa nane kamili Leibish aliingia, funguo za gari mkononi.

"Bwana Gold, kabla hujalibeba, lifungue mwenyewe. Mikono yangu ni ya usukani, naogopa kugusa."

Leibish alishika ndevu. Kisha akakata utepe. Chini ya vitabu vya sala, kimefungwa kwa kitambaa safi, kijitabu kilikuwepo.

"Sikukiiba," alisema. "Nilitaka kukizika. Ukurasa wa mwisho babu yangu ametia saini: atakayemwoza binti kwa mtu wa Treshnitz, harusi yake iwe matanga. Binti yangu anaolewa Jumanne. Bwana harusi ni wa Treshnitz. Wazee wao wangekisoma Jumapili."

"Na mimi?" Marcelina aliuliza. "Ulijua nimeitwa mwizi?"

"Pinkas aliniambia saa nne. Nikasema moyoni, harusi ikipita nitaeleza."

"Jumanne! Jumatatu ningekuwa sina kazi, baba."

Pinkas alikitazama kijitabu. "Ukurasa wa mwisho hautafunguliwa Jumapili," alimwambia Leibish. Akamgeukia Marcelina. "Tusamehe, dada."

"Samahani ya koridoni siitaki. Neno 'mwizi' lilipita kwenye simu."

Akaipigia kampuni ya usafi, akaongeza sauti, akaiweka simu dirishani mbele ya Leibish, maana alijua hapokei kitu mkononi mwa mwanamke asiye wake.

"Waambie ukweli. Anza na jina langu lote," alisema. "Marcelina Komba."

Leibish akavua miwani, akainama karibu na simu, akaanza.