Barua Zilizoandikwa na Mtu Mmoja

Kila Jumamosi asubuhi Kache alikoroga unga wa ngano kwa maji moto ndani ya kopo, akakunja karatasi zake, akateremka hadi dukani kwa Khamis. Kwenye ukuta wa nje wa duka palikuwa na mlango mkuukuu uliopigiliwa misumari. Juu ya mlango huo, kwa gundi ile ya unga, Kache alibandika gazeti lake.

Alikuwa mwanafunzi wa darasa la saba, na gazeti alilianzisha mwenyewe. Aliliita Sauti ya Kwa Mwarandu, kwa jina la mtaa wao ulioung'ang'ania mteremko wa Mikindani kama kupe. Mtaa ule ulikuwa na mfereji mmoja, na mara ya mwisho ulipotoa maji ilikuwa wakati wa kampeni. Kache aliandika habari za mpira, za mbuzi waliopotea, za madrasa kufunguliwa. Pembeni alitundika kopo la mafuta ya kupikia na tangazo: WASOMAJI, TIENI BARUA ZENU HUMU.

Majuma matatu kopo lilikaa tupu.

"Gazeti lako lina wasomaji, usife moyo," Justus, aliyekaa naye dawati moja, alimwambia Kache. "Nimewaona kwa macho yangu. Mbuzi watatu. Tena habari imewakolea, mmoja kameza ukurasa mzima."

Darasa zima lilicheka. Jioni ile Kache aliandika barua ya kwanza kwa mkono wa kushoto, ya pili kwa wino mwekundu, ya tatu kwa herufi za kulala. Moja ilitoka kwa "Msomaji Mpenda Amani," nyingine kwa "Mama Furaha wa Bondeni." Wote walilisifu gazeti. Wote walikuwa Kache.

Hila ilifanya kazi. Watu walianza kusimama mlangoni.

"Huyu Mama Furaha ni nani?"

"Si yule wa jirani na kisima?"

"Aa! Basi namjua. Mwanamke mcheshi sana."

Kache alisikia, akatabasamu kichinichini. Juma lililofuata Mama Furaha akaandika tena.

Kisha ikaja mvua ya mwaka wa tisini na saba. Ilipiga mpaka vyoo vya shimo vikafurika, na uchafu wake ukateremka bondeni, kwenye kisima ambacho nusu ya mtaa ilikitegemea. Matope yalikuwa mengi na Kache hakutaka kuzunguka kuulizia habari. Akaandika: "Sisi wa Bondeni hatujambo. Mvua ni neema, kisima kimejaa pomoni na maji yake ni matamu. Ni mimi, Mama Furaha."

Jumanne akafa Garama, mshona viatu aliyeishi peke yake. Watu wakasema ni homa. Alhamisi Kache alitumwa na shangazi yake kurudisha chekecheke kwa jirani yao, Nyamvula.

"Hodi!"

Akagonga tena.

"Hodi hapa!"

"Usiingie," sauti ya Nyamvula ilijibu kwa shida.

Kache alikuwa ameshasukuma mlango. Nguma, mtoto wa miaka mitano, alilala juu ya mkeka. Macho yalikuwa yamezama, midomo imekauka na kupasuka. Kando yake palikuwa na beseni, na harufu iliyomfanya Kache azibe pua.

"Nguma ana nini?"

"Tumbo tu. Tangu jana alfajiri. Kache mwanangu, nisitiri, usimwambie mtu. Watasema nyumba yangu chafu. Mtaa mzima ni wazima ila mimi. Hata Mama Furaha, anayekaa pale pale kisimani, kaandika kwao hawajambo. Khamis mwenyewe kanisomea."

Kache alitupa chekecheke. Akakimbia nyumbani kumwita shangazi yake.

Shangazi Kafedha ndiyo kwanza alikuwa amerudi kutoka kwenye ghala alikofanya kibarua cha kuchambua kahawa. Hakuuliza mengi. Alimfunga Nguma mgongoni kwa leso, wakashika njia ya zahanati, Nyamvula nyuma akilia.

"Kipindupindu," alisema muuguzi huku akitafuta mshipa wa kumtundikia maji. "Na huyu ni wa kumi na mmoja kutoka kwenu juma hili. Kila mmoja anakuja kwa kificho na kudanganya anakokaa, lakini matope ya mteremko wenu yamewajaa miguuni. Na kila mmoja ananiambia ni kwake peke yake!"

"Atapona?" Nyamvula aliuliza.

"Mngemleta jana ningekujibu. Leo tumwombe Mungu."

Nje, kwenye benchi, Kache alimwambia shangazi yake kila kitu. Alitarajia kofi. Shangazi Kafedha alisema kwa sauti ya chini, iliyouma kuliko kofi:

"Mwaka wa themanini na sita, vumbi la kahawa lilitukaa vifuani kule ghalani. Nyapara akawapelekea wakubwa karatasi yenye alama za dole gumba: wafanyakazi wote wameridhika. Dole hatukutia sisi. Mimi nilikuwa naenda kukohoa chooni, nikidhani ni mimi tu. Kumbe tulikuwa wanawake arobaini, kila mmoja na choo chake. Wawili tuliwazika. Nyapara yule nilimlaani, Kache, na sijamsamehe hata leo. Na leo namkuta nyumbani kwangu, amevaa sare ya shule."

Kache alilia mpaka kwikwi ikamkamata. "Nifanye nini, shangazi?"

"Mlango unao. Watu watakwenda kisimani asubuhi. Wewe uwatangulie."

Ijumaa, jua halijapanda, Kache alibandua barua zote, akabandika karatasi moja: MAMA FURAHA HAYUPO. BARUA ZOTE NILIZIANDIKA MIMI, KACHE. SIKUMUULIZA MTU. NGUMA ANA KIPINDUPINDU. MSINYWE MAJI YA KISIMA. NANI MWINGINE ANAUMWA?

Watu walijaa. Khamis alisoma kwa sauti mpaka mwisho, uso ukamwiva kwa hasira.

"Mimi nimewasomea watu uongo kwa kinywa changu! Ng'oa mlango wako ukutani kwangu, ung'oe sasa hivi!"

"Mwongo mkubwa!" mwingine akapiga kelele. Kache hakuondoka.

Ndipo Bi Barke, mama wa heshima aliyejulikana kwa kutotoa siri ya nyumba yake, akajipenyeza mbele.

"Khamis, uwache mlango. Wewe mtoto!"

"Abee."

"Kalamu unayo? Andika. Nyumba ya Barke, wagonjwa wawili, tangu Jumatatu. Maji twateka Bondeni."

Watu walitazamana. Kisha mwanamume mmoja akakohoa: "Na kwangu mmoja." Nyuma yake mwingine: "Kwangu watatu." Kijana aliyekuwa mwanagenzi wa Garama akasema, "Yule mzee hakufa kwa homa. Mimi ndiye niliyemuuguza. Mwandike naye."

Kache aliandika mpaka karatasi ikamalizika, akaendelea kwenye mbao zenyewe. Nyumba kumi na tisa. Kisima kimoja.

Kabla ya swala ya Ijumaa, kisima kilikuwa kimefunikwa kwa mabati na mawe. Baada ya swala, Khamis mwenyewe alileta nyundo, wakaung'oa mlango, wakaubeba vichwani hadi ofisi ya afya. Karani alitazama umati, akasema waache barua wajiendee zao.

"Barua yetu ni hii," Bi Barke alimwambia. "Ina bawaba."

Walikaa ukumbini na mlango wao, hawakunyanyuka mpaka lori la maji safi na maofisa wenye dawa walipotoka pamoja nao.

Nguma alirudi nyumbani siku ya sita, amekonda kama njiti. Garama hakurudi. Mlango ulipigiliwa tena ukutani, na Jumamosi Kache alipofungua kopo, alikuta karatasi moja yenye mwandiko wa Justus. Alimsomea shangazi yake: "Nguma amekunywa uji vikombe viwili. Mimi sijui kuandika, nimeandikiwa. Ni mimi, Nyamvula, na mimi nipo kweli."

Shangazi Kafedha alijifuta macho kwa upindo wa leso.

"Sikiza, mwanangu. Anayewasemea watu bila kuwauliza amewafunga midomo, hata kama kawasemea mazuri. Watu hawawi kitu kimoja kwa sifa. Huwa kitu kimoja siku mmoja anapothubutu kusema: kwangu kunaumwa, kwako je? Garama amekufa akidhani ni yeye peke yake. Hilo usilisahau hata ukizeeka, mimi silisahau." Akamsogezea kopo la gundi. "Haya, bandika, kabla mbuzi hawajafika."